Meno Yasiyo na cha Kutafuna

Ipo aina ya pikipiki ambayo ukiiona imeegeshwa nje ya mkahawa wa Karen au Masaki siku ya Jumapili, utadhani mwenyewe ameivuka Sahara alfajiri na anapitisha chai tu kabla ya kuendelea na Kalahari. Ina masanduku ya alumini pande zote mbili, ngao ya chuma tumboni, taa za ziada za kumulika swala walio kata ya pili, na dumu la mafuta ya akiba ingawa kituo cha mafuta kiko ng'ambo ya barabara. Chukua BMW R 1250 GS Adventure, mmoja wa wakubwa wa ukoo huu: tangi lake hubeba lita 30, na likijaa, pikipiki nzima ina kilo 268 kabla haijapandwa na mtu, begi wala ndoto. Chini ya yote hayo kuna matairi mawili, na hapo ndipo ushahidi ulipo. Inama uyaangalie. Meno yake ni marefu, yameachana, yametengenezwa kwa kutafuna tope na mchanga. Lakini lile la nyuma limelika katikati likawa bapa, na meno ya pembeni bado yana vinyweleo vya mpira vilivyotoka nalo kiwandani. Kinacholila tairi namna hiyo ni lami, tena lami iliyonyooka. Mwenye pikipiki anaweza kusimulia anachotaka. Tairi lake limeshaandikisha maelezo polisi.

Sina ugomvi na masanduku wala na dumu. Ugomvi wangu ni na meno, kwa sababu kati ya vitu vyote vilivyofungwa kwenye pikipiki hiyo, tairi peke yake ndilo linaloigusa dunia, na kinachogusa kwa kila gurudumu hakizidi sana upana wa kiganja. Watu huchagua kiganja hicho kwa kujiuliza watapita wapi, na swali hilo hujibiwa na moyo badala ya ramani. Nadai kwamba liulizwe swali lingine, lisilo na mvuto hata kidogo: ni wapi kuanguka kutanigharimu zaidi? Tairi lichaguliwe kwa ajili ya mahali hapo. Kilomita zifuate baadaye, na picha zifuate nyuma ya kilomita.

Wauzaji wamejaribu kutuondolea kazi ya kufikiri kwa kutupa asilimia. Tairi hili, wanasema, ni 50 kwa 50. Lile ni 80 kwa 20. Jingine 90 kwa 10. Namba ya kwanza ni ya lami, ya pili ni ya vumbi. Inapendeza, na mtu hutoka dukani akijiona amefanya hesabu. Lakini nusu ya nini? Ya kilomita? Ya mshiko? Ya siku za mwaka? Hakuna kipimo cha pamoja kinachosema tairi lipimwe vipi ndipo liitwe 50 kwa 50; kila kiwanda hujipa alama zake, mwanafunzi anayejisahihishia mtihani. Hapo hapo ubavuni mwa tairi ipo herufi ndogo ambayo ni kipimo cha kweli na haisomwi na mtu: herufi ya mwendo. Q maana yake kilomita 160 kwa saa, T ni 190, V ni 240. Matairi mengi ya meno makubwa huandikwa Q, nayo hufungwa kwenye pikipiki inayoweza kupita 200. Ujerumani, kwa mfano, kwa miaka mingi tairi lenye alama ya M+S (ya tope na theluji) liliruhusiwa kufungwa kwenye pikipiki yenye mbio kuzidi herufi ya tairi hilo, mradi kibandiko kiwekwe mbele ya macho ya mwendeshaji kumkumbusha mwisho wake. Yaani mtu amenunua injini ya cc 1,254, kisha akanunua tairi, kisha akanunua kibandiko cha kumwomba asiitumie injini.

Tuanze na lami, maana ndiko wengi tunakoishi, hata wale wanaokana. Jino refu la mpira likikanyaga lami kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa halisimami wima. Hulala, huinuka, hulala tena, na kila likilala hujikwaruza. Ndiyo sababu tairi la namna hiyo huvuma mpaka mwendeshaji adhani beringi imekufa, na ndiyo sababu la nyuma, chini ya pikipiki nzito yenye nguvu nyingi, mara nyingi huaga dunia kati ya kilomita elfu tano na elfu nane, ilhali tairi la barabara la ukoo huo huo lingekwenda karibu mara mbili ya hapo. Hayo ni ya mfukoni na masikioni, tuyasamehe. Lisilosameheka ni breki. Mapengo kati ya meno ni mahali ambapo hakuna mpira, na mahali pasipo na mpira hapashiki lami. Barabara ikilowa, ikachanganyika na dizeli iliyomwagika kwenye mteremko wa Kitonga au kwenye ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, mwendeshaji mwenye meno huhitaji mita za ziada ili asimame. Mita hizo hukopwa kwa lori lililo mbele yake, na lori halina mazoea ya kukopesha.

Anayetetea meno atasema: hayo ni maneno ya mtu wa mjini, Afrika si lami. Wakati mmoja alikuwa na haki ya kusema hivyo, na ushahidi wake mkubwa ulikuwa barabara ya Isiolo kwenda Moyale. Kilomita zaidi ya 500, kaskazini mwa Kenya, sehemu ya ile njia ya Cairo hadi Cape Town ambayo kila mwenye pikipiki kubwa huiota. Kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo kaburi la springi na rimu. Kati ya Marsabit na Turbi, kwenye jangwa la Dida Galgalu, mawe meusi ya volkano yalitandazwa na Mungu mwenyewe bila kumshirikisha mhandisi; penye udongo palikuwa na mifereji iliyochimbwa na malori, mirefu na ya kina, ambayo ukiingia unaendeshwa, huendeshi. Mwaka 2007 waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walipita huko na pikipiki zao za BMW wakitoka Scotland kwenda Cape Town, dunia ikaona kwenye televisheni namna inavyotikisa, na nadhani viwanda vya matairi havijawahi kupata tangazo la bei rahisi kuliko lile. Basi ilipofika mwaka 2017 lami ilikuwa imeunganika kutoka Isiolo hadi mpakani. Leo adui mkuu wa mwendeshaji huko ni upepo wa ubavu, ngamia wanaovuka bila kutoa ishara, na usingizi. Upande wa Tanzania hali ni hiyo hiyo: njia ya kutoka Babati kupita Kondoa na Dodoma hadi Iringa, iliyokuwa ikiwatoa jasho wasafiri wa masafa, ni lami. Na kama mtu alikuwa na nia ya kuyapeleka meno yake mbugani, katika hifadhi nyingi za taifa za nchi hizi mbili pikipiki haziruhusiwi kuingia. Simba hapendi kuona chakula kikipita kwa kasi.

Haya, atasema mtetezi, lami imefika Moyale, lakini haijafika kwa bibi yangu. Kila safari ina ile asilimia kumi ya mwisho: njia ya kuingilia kijijini, mchepuko wa ujenzi, mto uliomeza daraja. Nayo asilimia kumi ndiyo inayoangusha watu. Hiyo ni hoja nzuri na sitaki kuirukia. Ni kweli kabisa kwamba watu wengi wenye pikipiki kubwa huanguka nje ya lami. Wengi zaidi, nadhani, huanguka wakiwa wamesimama, mguu mfupi umekosa ardhi, pikipiki inainama taratibu, na mwenyewe anaisindikiza chini kwa heshima zote mbele ya wauza mahindi. Lakini tuangalie bei ya kila anguko. Anguko la kwenye tope hutokea mwendo wa kutembea. Huvunja kioo cha pembeni, mkono wa klachi, na hadhi. Watoto watano hutokea porini pasipokuwa na nyumba, wanakusaidia kuinua, wanacheka, na wana haki. Anguko la kwenye lami iliyolowa hutokea kwa mwendo wa safari, na mbele yake pana ukingo wa daraja, basi la Moyale au mtaro wa zege. Huwezi kuyaweka maanguko haya mawili kwenye mizani moja kwa kuwa tu yote yanaitwa kuanguka. Aliyechagua tairi kwa ajili ya tope amejikinga na aibu na kujiachia wazi kwa msiba.

Isitoshe, hata huko kwenye tope, meno hayafanyi kazi yanayosifiwa kwayo. Waulize bodaboda. Mvua za masika zikimwagika kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kugeuka gundi mvua ikinyesha, jino refu hujaza pengo lake kwa mzunguko wa kwanza, na kuanzia wa pili tairi la meno na tairi kipara yanafanana: yote mawili ni duara la udongo. Udongo hupanda hadi kwenye madigadi, unakaza, gurudumu linagoma kuzunguka. Hapo ndipo hupita kijana kwenye Boxer yenye tairi lililochoka, amebeba mama mmoja, mtoto, gunia la mkaa na kuku wawili vichwa chini. Anashusha miguu yote miwili, anapiga kasia kwenye tope, anakusalimu, anapita. Pikipiki yake ina uzito usiofika nusu ya ile ya kilo 268. Ikizama, anaivuta. Ikianguka, anaiokota na kupanguza kiti. Kilichompitisha ni wepesi, mwendo mdogo, na kuijua njia.

Najua nitakachojibiwa: unatuambia tuige bodaboda, watu wanaojaza wodi za mifupa? La. Bodaboda si mwalimu wa usalama, na tairi kipara barabarani ni uzembe, liwe la nani. Ninachosema ni kwamba ushahidi wake unahusu tope, na kwenye tope yeye ndiye mtaalamu. Wala si yeye peke yake. Mabwana shamba na madaktari wa mifugo wa wilaya walizunguka vijiji hivi kwa miaka na pikipiki za Honda XL na Yamaha DT za cc 125, na hakuna aliyewahi kuwatengenezea filamu. Ukitaka ushahidi wa wanaume wenye wadhamini, tazama mbio za Dakar: wa kwanza kushinda upande wa pikipiki, mwaka 1979, alikuwa Cyril Neveu na Yamaha XT500 yenye silinda moja, BMW zikaja kutamba na Hubert Auriol mwaka 1981 na 1983, pikipiki zikakua mpaka zikawa meli za mchangani, na leo sheria inazifunga kwenye cc 450. Sababu kubwa ilikuwa kupunguza mbio na hatari, sawa, lakini sijasikia mshindani akililia kurudishiwa kilo zake 200 ili azipandishe kwenye vilima vya mchanga. Na hao McGregor na Boorman, katika safari yao ya mwanzo ya 2004, pikipiki kubwa ya mpiga picha wao ilipovunjika fremu huko Mongolia, alinunuliwa pikipiki ndogo ya Kirusi, Izh Planeta, akaendelea kupiga picha za wenzake wakihangaika. Tatizo la pikipiki kubwa porini ni ukubwa. Kulitibu kwa tairi ni kumvalisha kiboko njumu za mpira na kumpanga winga.

Kuna dawa moja ambayo kweli husaidia, haiuzwi kwa bei ya kutisha, na kwa hiyo haizungumzwi sana: upepo. Tairi la kujaza upepo linalojulikana leo lilipata umaarufu kwa John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, aliyelitengeneza mwaka 1887 ili baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe isimtikise juu ya mawe. Angalia alichobuni: hewa iliyofungiwa. Mpira ulikuwapo zamani. Charles Goodyear alikuwa ameupika na salfa akaufanya uvumilivu tangu mwaka 1839. Kinachobeba kilo zako 268 ni hewa, na meno ni pambo la nje lenye faida zake. Pikipiki tuliyoitaja hutakiwa kuwa na upepo wa takriban psi 36 mbele na 42 nyuma, na huo ni upepo wa lami. Ukifika kwenye kokoto na mchanga, ukapunguza mpaka karibu na 28 au 30, tairi lile lile hulala zaidi, hukanyaga kwa eneo refu zaidi, huacha kudunda juu ya kila jiwe, na ghafla tairi la barabara linapata adabu ambazo mwenyewe alidhani lazima azinunue. Mwenye meno aliyebaki na 42 kwenye kokoto anapigwa ngumi na kila changarawe, halafu analaumu kiwanda.

Upepo nao una mitego, na sitaki mtu atoke hapa akaufungue wote. Ukipunguza kupita kiasi, jiwe lenye ncha hugonga rimu na kuikunja. Na kama ndani mna tyubu, hubanwa kati ya jiwe na rimu ikatoboka matundu mawili kwa mpigo. Na ukirudi kwenye lami na upepo wa mchangani, ukaamua kwenda mbio, tairi hujikunja mno, hupata joto, na joto ndilo muuaji wa matairi. Kwa hiyo anayepunguza upepo lazima awe na namna ya kuurudisha: pampu ndogo ya umeme inayochomekwa kwenye betri ya pikipiki, na kipimo cha mkononi. Nasisitiza kipimo cha mkononi kwa sababu vile vilivyofungwa kwenye vituo vya mafuta vimeishi maisha magumu, na vingine vina maoni badala ya vipimo. Inashangaza namna mtu atakavyotoa mshahara wa mwezi kununua matairi yenye sura ya trekta, na kukataa kununua kipimo chenye bei ya chakula cha mchana, akitumia badala yake teke. Analipiga tairi teke, anasikiliza, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Sijui teke linamwambia nini.

Sasa nije kwenye pingamizi ambalo nalikubali, kwa sababu linaitumia hoja yangu mwenyewe dhidi yangu. Ukisema tupime bei ya kuanguka, basi pima bei ya kuanguka ukiwa peke yako kwenye njia ya kutoka Marsabit kushuka kupitia jangwa la Chalbi kwenda North Horr na Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Huko hata anguko la mwendo wa kutembea lina gharama: mguu uliobanwa chini ya kilo 268, jua la saa saba, na gari linalofuata labda kesho. Chalbi ikikauka ni uwanja. Ikilowa ni uji. Mchanga laini ukishika gurudumu la mbele, usukani hujikunja wenyewe na tairi la barabara halina hata jino moja la kujitetea. Nakubali. Kwa safari hiyo funga meno, na anza na gurudumu la mbele, kwa sababu la nyuma likiteleza utayumba na kucheza kidogo, la mbele likiteleza umeshalala. Wapo wanaofunga meno mbele na tairi tulivu zaidi nyuma, na mpango huo una akili: lile linaloliwa haraka linadumu, lile linalokuangusha linashika. Lakini tazama ni masharti mangapi yameletwa na hoja hii moja. Inamtaka mtu aende kweli Chalbi. Inamtaka aende na mwenzake, apunguze mizigo, ayafunge meno kwa safari hiyo na kuyafungua akirudi. Kufunga meno mwaka mzima kwa ajili ya Chalbi ambayo utaenda “Desemba, Mungu akipenda” ni kuiweka familia yako kwenye lami ya mvua kwa miezi kumi na moja ili kuheshimu Desemba ambayo Mungu hajapenda.

Atakayejibu kwamba kufunga na kufungua ni usumbufu amesema kweli tupu, na hapa ndipo vituko vya matairi vinapokaa. Saizi za bodaboda ziko kila kibanda, zimening'inizwa mpaka mlangoni. Uliza 120/70 ya inchi 19 ya mbele, au 170/60 ya inchi 17 ya nyuma, uone mwenye duka anavyokutazama kwa huruma. Huagizwa, husubiriwa, hulipiwa ushuru, na huja moja. Kisha kuna kulifunga. Fundi pancha wa kando ya barabara ana ujuzi mkubwa wa tairi la baiskeli, la bodaboda na la lori, lakini tairi lisilo na tyubu la pikipiki kubwa limeng'ang'ania rimu kwa ukaidi wake, na nyundo iliyozoea lori ikitua kwenye rimu ya alumini yenye bei ya ng'ombe wawili, kila aliyepo hunyamaza. Mengine hufungwa nyuma mbele, mshale wa mzunguko uliochorwa ubavuni ukielekea ulikotoka. Na wapo wasafiri wa masafa ambao, kuepuka yote haya, hufunga jozi nzima ya matairi juu ya mizigo na kuvuka nayo nchi tatu: matairi mawili yanafanya kazi, mawili yanatalii. Usumbufu huo ni wa kweli. Ila ukiutazama vizuri, ni sababu ya kukaa na tairi la barabara linalodumu, maana lenye meno litakurudisha kwa yule fundi mwenye nyundo karibu mara mbili zaidi.

Limebaki pingamizi la mwisho, ambalo hakuna anayelitaja ingawa ndilo lenye nguvu kuliko yote: meno yanapendeza. Pikipiki kubwa yenye tairi la barabara inaonekana ya karani. Yenye meno inaonekana ya mtu aliyewahi kula nyoka. Siwezi kupinga hilo kwa fizikia, wala sioni aibu yake. Watu wazima wasiojua kuogelea hununua saa za kupigia mbizi, na hakuna anayezama kwa sababu hiyo. Tofauti ni kwamba saa haikuongezei mita za kusimamia. Anayetaka meno kwa ajili ya sura na ayafunge, mradi akubali kwamba amelipia sura, na siku ya mvua aendeshe kwa mwendo wa mtu aliyelipia sura: polepole, mbali na lori, bila kufunga breki kwa hasira. Ninaowahofia ni wale wanaoamini kwamba wamenunua usalama.

Kwa hiyo, kwa mtu wa Nairobi, Arusha au Dar es Salaam mwenye pikipiki kubwa, ambaye wiki nzima yuko kwenye lami na mara chache huingia kwenye njia ya changarawe ya kwenda shambani, uamuzi wangu ni tairi la barabara lenye michirizi mipana, lile wanaloliita 80 kwa 20 au 90 kwa 10, na pesa zitakazobaki ziende kwenye pampu, kipimo, na siku moja ya kujifunza kuinua pikipiki iliyoanguka bila kuvunja kiuno. Ukienda kulinunua, kabla hujauliza bei wala asilimia, tafuta ubavuni namba nne zilizo mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Ukikuta 1416, tairi hilo lilitoka kiwandani wiki ya 14 ya mwaka 2016 na mpira wake umeshakauka. Mwachie mwenye duka, hata akikupunguzia nusu ya bei.